Nywele nyembamba za kujikunja hazitaki mafuta kila asubuhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya ukurasa wa urembo iliyowaagiza akina mama wawapake mabinti zao mafuta ya nazi, na juu yake mafuta ya mgando, kila asubuhi kabla ya shule. Mimi ni msusi, nasukia nyumbani Kuze, Mji wa Kale, na vichwa vilivyofuata ushauri wa namna hiyo huishia mikononi mwangu.

Hapa kwetu mtu akiona nywele zimejikunja, hukata shauri papo hapo kwamba ni ngumu na zina njaa ya mafuta. Lakini kujikunja ni jambo moja na unene wa unywele ni jingine. Mombasa damu zimechanganyika, na utakuta ndugu wa tumbo moja, mmoja ana kipilipili nene kinachokunywa mafuta mchana kutwa, mwenziwe ana misokoto ile ile ila unywele wenyewe ni mwembamba kama uzi wa buibui. Okota unywele mmoja ulioanguka, uviringishe baina ya kidole gumba na cha shahada. Ukiusikia waziwazi, huo mnene. Usipousikia, huo mwembamba, hata kama kichwa kimejaa tele. Wengi hudanganywa na huko kujaa.

Unywele mwembamba hauwezi kubeba mafuta hayo yote. Yanaukalia, misokoto inalala, na kufikia adhuhuri nywele zimeshikana mafungu mafungu kwa jasho na vumbi. Mama naye akiona zimelala, hudhani zimekauka, akaongeza mengine.

Mafuta ya nazi siyakatai, nimelelewa nayo. Tena yana sifa ambayo mafuta mengi hayana: yana asidi ya lauriki, ambayo hupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu tu, na hupunguza protini inayotoka nywele zikioshwa. Kwa hivyo wakati wake ni kabla ya kuosha. Alhamisi usiku, kijiko kimoja cha chai kwa kichwa cha mtoto, kutoka katikati ya nywele hadi ncha, ngozi usiiguse. Ijumaa asubuhi uyatoe kwa shampuu. Nywele nyembamba huchafuka upesi, kwa hivyo Jumatatu au Jumanne zioshwe tena. Hizo habari za kukaa wiki mbili bila kuosha ni za nywele nyingine.

Siku za kawaida, bintiye dada yangu, mwenye nywele za aina hiyo, hufanya hivi. Usiku huzikusanya utosini bila kuzikaza, akafunga kitambaa cha satini, kwa sababu foronya ya pamba husugua na kukata. Asubuhi hashiki kitana. Ana chupa ya kupulizia yenye maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, na tone la kondishena. Hupuliza mpaka nywele zilowe kidogo, akaziminya kwa viganja kutoka ncha kwenda juu. Fundo akilikuta hulifungua kwa vidole, akianzia chini. Mwisho hupaka jeli kiasi cha punje ya kunde, basi. Shanuo lenye meno mapana hulitumia siku ya kuosha tu, nywele zikiwa bado na kondishena, na maji huyakausha kwa kanga kuukuu, si kwa taulo.

Maji hayo ya asubuhi yana sababu yake. Ndani ya unywele mna vifungo vidogo vya haidrojeni ambavyo maji huvilegeza, na unywele ukikauka hujifunga upya kwa umbo ulilouacha. Ukizichana kavu, unaitawanya misokoto bila kuipa nafasi ya kujipanga, ndiyo maana mtoto hutoka nyumbani na kichaka.

Kuna jambo nimeliona kwa wateja wangu ambalo sijalisoma popote. Mwanamke anayetawadha mara tano hupaka maji kichwani, na nywele za mbele huwa na misokoto mizuri kuliko za kisogoni. Hilo ni jema. Baya ni kujifunika ushungi na buibui papo hapo zikiwa mbichi. Joto hili na unyevu uliofungiwa huleta harufu na mba. Ukipata nafasi ya kukaa kidogo kichwa wazi, ziache zipate upepo kwanza.

Sasa maji yenyewe. Ukurasa wenu uliandika kana kwamba sote tuna mfereji wa maji matamu usiokatika. Maji ya bomba kutoka Mzima na Baricho hutufikia kwa zamu, na siku za kati tunaoga ya kisima au ya madumu ya mkokoteni. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hivyo visima vyake vina chokaa, na vingi vina chumvi juu yake. Sabuni haitoi povu, huacha utando kwenye unywele, na nywele nyembamba ndizo zinazolemewa kwanza. Mimi huwaambia wateja: osha kwa maji uliyonayo, lakini weka jagi moja la maji matamu la kusuuzia mwisho, na ndani yake kijiko kimoja cha siki. Siki huuondoa utando huo. Msitumie ndimu kisha mkaenda juani. Maji ya ndimu yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi kwenye paji la uso.

Chupa za dukani zenye glisirini nyingi ziangalieni pia. Glisirini huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani, masika hasa, ina unyevu wa kutosha kuzifurisha nywele kabla hujafika kituo cha matatu.

Na kusuka. Sikukuu ikikaribia, akina mama huniomba nikaze ili misuko idumu. Nywele nyembamba nikizikaza, zinazolipa ni za pembeni mwa uso, na zikivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka hazioti tena. Ukiona vipele vyeupe kwenye mizizi, au mtoto analia akilala ubavu, fumua usiku huo huo, hata kama pesa za msusi zimeshakwenda. Hata kama msusi ni mimi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wa ukurasa huo akitoa ushauri mwingine aseme kwanza ni wa nywele zipi, nene au nyembamba. Na mpiga picha wenu atuonyeshe kichwa chenye nywele zilizokauka. Picha mliyotoa ni ya nywele zilizolowa maji, na kila nywele za kujikunja zikilowa hupendeza.

Msusi wa Kuze,
Mji wa Kale, Mombasa