Kikao cha riwaya kimesogezwa hadi Jumamosi

Wapendwa wanakikundi, habari za jioni.

Nimefika sura ya 6 ya riwaya yetu. Ni kweli mwendo wake ni wa taratibu mno: kwa kurasa zaidi ya 80 hakuna pigano wala uchawi wa wazi, ila msichana anayehesabu milango ya nyumba ya bibi yake kila usiku na kupata idadi ileile, hadi usiku mmoja anapokuta mlango mmoja umezidi, na kitasa chake kina joto kana kwamba kimeachwa na mkono wa mtu sasa hivi. Nilirudia ukurasa huo mara tatu. Mwandishi haelezi lolote, anaendelea na habari za nguo zilizoanikwa, na kwangu mimi hofu yote imo katika kule kunyamaza kwake.

Wenzetu wawili wameniandikia kwamba wanataka kuiacha. Nawasihi wavumilie kidogo, kwa kuwa mpango umebadilika hivi:

1. Tutakutana Jumamosi saa 10 jioni, badala ya Alhamisi, kwa simu ya pamoja humu kikundini.
2. Tusome hadi mwisho wa sura ya 9 tu, na waliotangulia wasidokeze yaliyo mbele.
3. Kila mmoja aje na sentensi moja iliyomsisimua mwili, pamoja na namba ya ukurasa.

Tafadhali thibitisheni kabla ya Alhamisi usiku kwa kuandika "Nitakuwepo" au "Sitaweza".