Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tukuyu

Ndugu wanachama, ndaga fijo, asanteni sana, kwa kufika, hasa mliotembea na mvua hii.

Hesabu atazisoma mhazini, na ada haijabadilika. Mimi nina jambo moja, nalo limetuchukua karibu mwaka mzima: namna tunavyowaongoza vijana wanaotuchumia, kutupangia na kutusafirishia parachichi.

Katikati ya msimu mzigo wetu ulirudishwa. Mnunuzi alifungua kreti akakuta parachichi za aina ya Hass zimenyofolewa, hazina vikonyo. Tunda likinyofolewa hubaki na kidonda, kuvu huingia hapohapo, na safari ya meli ni ya wiki kadhaa. Nilikasirika sana. Nilipokagua nikakuta mikasi yetu imechakaa, nasi tulikuwa tunalipa kwa kreti bila kutazama ndani. Uzembe wetu wenyewe tulikuwa tunauita upole.

Tangu hapo tumekaza. Kila kreti inamwagwa juu ya turubai mbele ya aliyeichuma. Tunda lisilo na kikonyo au lililookotwa chini linawekwa kando na halihesabiwi. Siku ya kwanza kijana mmoja, mwepesi kuliko wote, alitengewa karibu nusu kreti. Akakaa chini, akasema anaacha kazi. Msimamizi hakumtukana wala hakumbembeleza. Alimwambia, "Kesho saa moja uje, tutachuma wote." Asubuhi ile walishinda kwenye mti mmoja, mkubwa akimshikia tawi mdogo, akimwonyesha kukata kikonyo kikabaki kifupi kisije kikachoma tunda la jirani. Sasa wachumaji wapya wanafundishwa na kijana huyohuyo.

Mama mmoja katika kamati alituambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, lakini anayemliza mwana awe amempikia kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu wapo waliosikia "tukaze" wakaenda kutukana watu shambani. Mmoja wetu alimfukuza dereva kwa simu usiku. Hilo silitetei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Na linaloniuma zaidi ni vibarua kusubiri malipo wiki tatu, eti hela ya mnunuzi haijaingia. Huwezi kumdai mtu kikonyo wakati wewe unadaiwa naye mkate wa watoto wake. Kuanzia msimu ujao, mwanachama asiyewalipa vibarua wake kila Jumamosi, mzigo wake haupakiwi kwenye gari la chama. Najua baadhi yenu mtanuna.

Kwa viongozi, faini ya kuchelewa kikaoni inatuhusu kwanza sisi. Nimeilipa mara mbili, risiti anazo mhazini.

Soko la China, ambalo nchi yetu ilitia saini makubaliano yake Novemba 2022, linakagua tunda lenyewe. Halitauliza kama mchumaji ni mpwa wako. Ajira za undugu zimetugharimu, na kamati itakuja kwenye matawi kuzungumza na kila mmoja kwa jina, si kwa mafumbo.

Naomba mkutano uidhinishe ununuzi wa mikasi mipya na mabuti ya mvua kwa wachumaji wote kabla ya msimu. Katibu ana bei za maduka matatu, anazigawa sasa hivi.