Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mteja Anataka Freshi, Sheria Inataka Karatasi

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wauza maziwa, hamjambo, na poleni na kazi ya kuamka usiku. Najua wengi mtaisoma hii kwa simu mkingoja maziwa ya jioni kwa hivyo sitazunguka. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea siku ya mkutano, mimi niongee ya maziwa.

Mteja hajabadilika. Anataka maziwa ya ng'ombe, freshi, yale ukichemsha yanatoa malai na chai inakuwa chai, tena bei iko chini ya paketi na ukiwa na shilingi chache unapimiwa za kwako unaenda. Kenya hii maziwa mengi yanayouzwa bado yanapita kwa watu kama sisi, si kwa viwanda, na imekuwa hivyo tangu soko lifunguliwe 1992 KCC, ile kampuni kubwa ya maziwa, ikapoteza ile nguvu ya kuuza peke yake mjini. Kwa hivyo anayefikiri mtu wa bodaboda na mitungi yake atafutika kwa sababu ya kanuni anaota. Lakini yule mwanachama anayefikiri kanuni nazo zitapita kama mvua ya siku moja, huyo naye anaota vilevile.

Wazee wetu wa biashara wanakumbuka kabla ya 2004, muuza maziwa mbichi mjini alikuwa anakimbizwa kama mwizi. Halafu utafiti ukaonyesha karibu kila nyumba inachemsha maziwa kabla ya kunywa, na Bodi ya Maziwa ikaanza kufundisha wauzaji wadogo na kuwapa laiseni badala ya kuwafukuza tu. Huo mlango tulifunguliwa, na kanuni za 2021 za usajili na laiseni haziufungi, zinataka tu uingie ukiwa na karatasi. Mwaka huu kuna wenzetu maziwa yao yalimwagwa barabarani, inauma, lakini wengine walikutwa na mitungi ya plastiki ya mafuta ya kupikia na hawana laiseni. Hapo chama kitakutetea na nini? Plastiki ikikwaruzwa ndani huwezi kuisafisha ikatakata, bakteria wanakaa kwa ile mikwaruzo wakingoja maziwa ya kesho. Kopo la aluminiamu ni ghali, sawa, ndiyo maana tumeanza kuyanunua kwa mkopo wa chama.

Sasa niseme lile ambalo wengine hawatapenda. Tumezoea kumwambia mteja "we chemsha tu." Kwa brusela, ule ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, kwa kifua kikuu cha ng'ombe, kwa vijidudu vya kuharisha, ni kweli, maziwa yakichemka yanakufa hayo yote. Lakini dawa ya ng'ombe, antibayotiki, haichemki ikaisha. Mkulima ametibu kiwele, daktari wa mifugo amemwambia asiuze mpaka siku zile zipite, yeye jioni anakuletea, na laktomita yako, ile ya kukamata maziwa yaliyotiwa maji, itasoma zaidi ya 1.028 vizuri kabisa na kipimo cha alkoholi, kile cha kuona kama yameanza kuharibika, kitapita pia. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ni hivyohivyo. Mahindi yakioza watu wanasema haya ni ya ng'ombe, ng'ombe anakula, na baada ya siku moja mbili sumu iko kwa maziwa, sufuria haiwezi kuitoa. Hatujasahau 2004 kule Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu. Kwa maziwa haiui haraka hivyo, inaingia kidogokidogo, na anayekunywa zaidi ni mtoto.

Kwa hivyo msimamo wangu ni kwamba usalama wetu unaanza kwa boma la mkulima. Usichanganye maziwa kabla hujayapima ya kila mtu peke yake, na uwe na daftari la nani ameleta nini. Ukimjua anayetibu ng'ombe wiki hii, maziwa yake mwachie ndama. Na zile dawa watu wanatia ili yasigande njiani, haidrojeni peroksaidi na hata fomalini, nikikusikia nazo nitakuondoa kwa chama na sitakuita kikao.

Wenye ATM, zile mashine za kuuza maziwa, nyinyi pia. Mteja wa ATM anakinga na kikombe anakunywa hapohapo maana anajua yamepashwa moto kiwandani. Ukijaza mbichi humo umemdanganya mtu ambaye hatachemsha.

Kuna na hii mpya, vijana wanaona kwa TikTok Wamarekani wakisema maziwa mbichi bila kuchemsha ni dawa. Huko kwao serikali ilikataza tangu 1987 kuyavusha jimbo hadi jimbo kwa kuuza, na 2024 homa ya mafua ya ndege ikapatikana kwa ng'ombe wa maziwa, virusi viko mpaka ndani ya maziwa. Mteja akikuuliza mwambie achemshe, hata kama anakasirika, usimpe sifa ili ununuliwe lita mbili.

Kwa mkutano tutapiga kura kuhusu kuongeza ada kidogo tununue vijiti vya kupima antibayotiki, vya kutumia pamoja pale tunapokusanyia, maana mtu mmoja hawezi. Mimi nitapiga ndiyo. Njooni na laktomita zenu zilinganishwe, kuna moja najua inasomea maji kama maziwa. Na ambao laiseni imeisha leteni nakala ya ile ya zamani, katibu atawajazia fomu siku hiyohiyo.