Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Tuliposikia mgeni wetu ni daktari wa magonjwa ya wanawake, tuliamua banda letu lizungumzie ovari inavyokua. Tukiteleza, utusahihishe.

Mgeni Rasmi, mwanzoni tulidhani kazi yote ni ya homoni. Kumbe estrojeni, homoni ya kike, ni mpiga hodi tu: inaingia ndani ya seli, lakini pasipo mwenyeji wa kuitikia, hakuna shughuli. Mwenyeji huyo ni protini iitwayo kipokezi, nacho kiko cha aina mbili: alfa na beta. Cha alfa kilijulikana kutokana na utafiti alioanza Elwood Jensen huko Chicago miaka ya 1950. Cha beta kiligunduliwa Uswidi na kundi la Jan-Åke Gustafsson, mwaka 1996.

Ovari haiwapangi wenyeji hawa ovyo. Beta wamejaa kwenye seli za granulosa zinazolizunguka yai, alfa wako zaidi kwenye seli za theka, tabaka la nje. Wala idadi yao haikai palepale. Kwa panya, homoni ya LH, ile inayochochea yai kutoka, ikipanda ghafla kabla yai halijatoka, granulosa hupunguza sana utengenezaji wa beta.

Lililotukosesha usingizi ni utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu panya jike waliozaliwa bila alfa wala beta. Ovari zao ziliundwa. Lakini walipokomaa, baadhi ya seli za granulosa zilikuwa zimegeuka kufanana na seli za Sertoli, ambazo makazi yake ni korodani! Mwalimu alilieleza mara mbili, na bado kuna waliobisha. Tulivyoelewa sisi, ovari huhitaji vipokezi si kwa kukuza mayai tu, bali hata kwa kubaki ovari.

Mgeni Rasmi, haya tumeyachora kwenye manila kwa sababu darubini yetu ni moja na lenzi yake ina ufa. Juzi tulipata ovari ya mbuzi machinjioni, tukaikata kwa wembe, tukaona vifuko vya mayai kwa macho. Ila granulosa haionekani kwa macho. Tunaomba utusaidie kupata darubini mbili na slaidi za ovari zilizokwishatiwa rangi, hata zile kuukuu za kufundishia.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wako,
Klabu ya Baiolojia, Kidato cha Sita