Kabla hujanunua pampu ya mafuta

Sinza, Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Ujumbe wako kuhusu Corolla yako, kwamba stata inapiga lakini injini haiwaki, umenifikia, na kilichonishtua zaidi ni kwamba fundi ameshakutaka ulipie pampu ya mafuta kwa kusikiliza tu stata ikipiga. Nakusihi usiende kwanza kununua kipuri kwenye maduka ya Gerezani. Huenda pampu ndiyo mbovu kweli, lakini kutokana na uliyonieleza hakuna bado aliyepata ushahidi wa jambo hilo, na kipuri cha umeme kikishafungwa kwenye gari, ni muuzaji gani atakayekubali kukipokea tena?

Stata inapiga kwa nguvu, kwa hiyo yenyewe tuiweke kando. Betri nayo ipime tu kwa mita wakati stata inapiga, uhakikishe haishuki chini ya volti 9.6, maana ikishuka mno injini huendelea kuzunguka huku moto wa plagi ukiwa hafifu. Baada ya hapo yanabaki mambo matatu, yaani moto, mafuta na mgandamizo ndani ya silinda, na injini ya petroli ikikosa moja tu kati ya hayo haiwaki hata mengine mawili yawe sawa kabisa.

Fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata, uitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Isipowaka, kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta ya injini haipati umeme, na hapo utafute fyuzi iliyoandikwa EFI (mfumo wa kuingiza mafuta kwa kompyuta) pamoja na rilei yake, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, kabla ya kugusa kitu kingine. Kagua pia ile swichi ya siri ya kuzuia wizi, kama aliyekuuzia gari aliiweka. Nyingi zilifungwa chini ya usukani kwa waya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu, na mimi siziamini hata kidogo.

Taa ikiwaka, anza na moto, kwa sababu kuupima hakuhitaji fedha. Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke plagi ya akiba, kisha ulaze mwili wa plagi hiyo kwenye chuma cha injini na kuushikilia kwa koleo lenye mpini wa plastiki, huku mtu mwingine akipiga stata kwa sekunde mbili au tatu. Usifanye hivyo mahali penye harufu ya petroli, wala usiuache waya ukining'inia bila plagi, kwani unaweza kuunguza koili, yaani kile kifaa kinachozalisha umeme mkali wa plagi. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika ikilia. Ile ya manjano na nyembamba ihesabu kuwa haipo.

Ukikosa cheche, fungua kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi. Umesema gari lilianza kugoma asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko yote aliyosema fundi. Masika ya hapa huingiza unyevu mahali ambapo hukutarajia, na kifuniko chenye ufa huvujisha umeme kabla haujafika kwenye plagi. Kikaushe kwa kitambaa safi, kisha kikague ndani kwenye mwanga wa kutosha, ukitafuta mstari mweusi mwembamba kama unywele kati ya vituo vya shaba.

Kabla hujakirudisha, mwambie mwenzako apige stata nawe uitazame rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa. Katika injini yako ya 5A-FE distributa huendeshwa na kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, ambao nao huzungushwa na mkanda wa taiming, kwa hiyo rota ikitulia ilhali injini inazunguka, mkanda wa taiming umekatika au umekwisha meno, na hakuna pampu wala koili itakayokusaidia. Dalili nyingine ni mlio wa stata, ambao huwa mwepesi na wa kasi moja, bila ule mdundo wa kupanda na kushuka. Ikiwa ni hivyo usivunjike moyo, kwani katika injini hii pistoni hazigongi valvu mkanda unapokatika, na mara nyingi mkanda mpya hutosha.

Rota ikizunguka na cheche isipatikane, tafuta kwenye chumba cha injini kile kiboksi kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi, kisha uhesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa: namba 12 (mpepeso mmoja, kituo, kisha miwili) inaelekeza kwenye ishara ya mzunguko wa injini, na namba 14 kwenye mfumo wa kuwasha moto.

Cheche ikiwa nzuri, ndipo tuje kwenye mafuta. Katika Corolla za umri huo pampu haiungurumi ukifungua swichi tu. Husubiri stata ipige au injini izunguke. Naona hapo ndipo mafundi wengi wanapoihukumu bure. Kwenye kiboksi kilekile unganisha +B na FP, fungua swichi, usikilize karibu na kiti cha nyuma. Ikinyamaza, gonga tangi kwa chini kwa ngumi. Ikiamka baada ya kugongwa, basi fundi amesema kweli, na sababu inaweza kuwa ile tabia yetu ya kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela huku taa ya mafuta ikiwaka, wakati petroli ndiyo inayoipoza pampu.

Mwisho fungua plagi moja mara baada ya kupiga stata. Ikiwa kavu ilhali cheche ipo, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa, injini imemeza petroli kupita kiasi: kanyaga pedali ya mafuta hadi chini, piga stata kwa sekunde chache, kisha uipumzishe.

Niandikie rangi ya cheche uliyoiona, kama rota imezunguka, na kama pampu imesikika. Jumamosi nitakuja na mita, ila nikijua hayo mapema nitajua kama nipitie dukani kuchukua mkanda au kifuniko cha distributa.

Rafiki yako wa siku zote