Waranti ya siku saba, mzigo umefika siku ya tisa

Ndugu mhariri, naomba kanafasi nitoe dukuduku langu kuhusu wauza injini za mtumba wa Dar na sisi wateja wa huku Kigoma, mwisho wa reli.

Mi nina Kombi ya Volkswagen ya zamani, ile yenye kitanda na kajiko ndani, niliuziwa na padri mmoja mzungu alipokua anarudi kwao. Ndo nyumba ndo duka, nazunguka nayo magulio ya Uvinza, Kasulu mpaka Kibondo nauza vitenge, usiku navuta pazia nalala, gesti siijui. Mwaka huu ikaanza kula oili, moshi wa bluu, mara ikanoki kabisa karibu na Kazuramimba. Fundi akaipasua akasema bloku imepasuka, tafuta injini nyingine.

Hapo kila mtu akawa fundi. Weka ya Hiace, zile dizeli za 3L zimejaa na spea hata hapa Mwanga unapata. Kweli zimejaa, ila Kombi yangu injini iko nyuma na inapozwa na upepo, haina rejeta, sasa ukileta ya maji utafute rejeta, mabomba yapite chini ya gari lote, gia boksi haiingiliani mpaka uchongeshe pleti ya kuziunganisha, na 3L ilivyo ndefu kwenda juu kitanda changu kinakatwa, yani nibaki na gari la kulala lisilo na pa kulala. Mzee mmoja sokoni akanicheka, mbona meli ya Liemba ilitolewa injini ya mvuke ikafungwa dizeli miaka ya 1970 na ikaendelea kubeba watu? Nikamwambia mzee wangu Liemba ni ya serikali, mi natoa mfukoni.

Basi nikatafuta injini ya upepo ileile, ya cc 1600, nikapata duka moja Dar kwa simu, milioni mbili na laki mbili, picha zikaja WhatsApp injini imeoshwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Waranti siku saba. Nikatuma hela. Mzigo ukalala kwa wakala siku nne bila kupakiwa, ukanifikia siku ya tisa, na fundi wangu wala hakuifunga, alishika tu puli ya krenki, lile gurudumu la mkanda, akaivuta akaisukuma, tok, tok, bearingi kubwa zimekwisha. Kitu cha dakika moja kwa mikono mitupu! Napiga simu naambiwa waranti imeisha juzi, we ulikua wapi. Nilikua wapi? Nilikua nasubiri lori.

Sasa ninachoomba mimi, na FCC, Tume ya Ushindani, mkisoma hapa naomba mlitazame maana mpo kwa ajili ya mlaji, siku za waranti kwa mteja wa mkoani zianze pale mzigo unaposhushwa, tarehe si wakala anaiandika? Mtu wa Dar akiuziwa mbovu anairudisha kwa bodaboda, mi nina kilomita zaidi ya 1,200 za reli. Na kabla haijafungwa kamba wampigie mteja video aone puli inavutwa na kompresheni inapimwa silinda zote nne. Alafu risiti iwe na namba ya injini, hiyo ndo inaingia kwenye kadi ya gari, yangu imeandikwa "injini 1" basi, hata ningeenda kushitaki ningeonyesha nini.

Sasaivi zote mbili ziko chini ya mwembe watoto wanazikalia. Mwenye 1600 nzima hapa Kigoma, Kasulu au hata Tabora, hata ya Beetle mi naichukua, kabla hujawapa wale wa chuma chakavu wakupimie kwa kilo naomba uandike kupitia gazeti hili. Ntakuja na fundi, na puli tutaivuta palepale.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma