BARUA KWA WAZAZI NA WALEZI

YAH: KUFUNGA MUHULA, NA AFYA YA AKILI YA VIJANA WETU

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salamu kutoka kwa walimu na wafanyakazi wote wa shule. Leo watoto wenu wanarudi nyumbani, kila mmoja na bahasha ya ripoti mkononi, na najua ndiyo mtakayoifungua kwanza. Naomba msome barua hii kabla yake, maana lipo jambo la muhula huu ambalo ripoti haina safu ya kuliandika.

Katikati ya muhula wanafunzi sita wa madarasa ya juu walikuja ofisini kwangu. Waliomba chumba kimoja, mara moja kwa wiki baada ya masomo, ili wazungumze na wenzao kuhusu afya ya akili. Walikuwa wamejiandaa. Walinisimulia habari za Alison Malmon, ambaye akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani alifiwa na kaka yake, Brian, aliyejiua mwaka 2000. Brian naye alikuwa mwanafunzi wa chuo, na kwa muda mrefu aliugua bila wenzake kujua. Dada huyo alianzisha kikundi cha wanafunzi kilichokuja kuwa shirika la Active Minds mwaka 2003, na leo lina matawi katika mamia ya shule na vyuo.

Niliwakatalia. Niliwaambia mitihani imekaribia, na kwamba mambo hayo yana wataalamu wake. Msichana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, mwenzetu akishindwa kuamka kitandani, wa kwanza kujua ni mtaalamu au ni sisi?" Nilikosa jibu. Baada ya siku mbili niliwaita, nikawaomba radhi, nikawakabidhi ufunguo wa chumba.

Baadhi yenu mmepiga simu kuuliza kinachofanyika humo, na ni haki yenu. Kikundi hakitibu mtu wala hakichukui nafasi ya mnasihi, yaani mshauri, wa shule. Kazi yao ni kusikiliza, kuwaelimisha wenzao waache kumwita mgonjwa "kichaa", na kumsindikiza anayeogopa kwenda peke yake kwa mnasihi. Kanuni waliyoiandika wao wenyewe, nami nikaipenda kuliko zote, ni hii: siri ya mwenzako itunze, isipokuwa siri ya kutaka kujidhuru. Hiyo haikai kwako hata saa moja. Unaifikisha kwa mtu mzima aliye karibu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa darasa la wanafunzi 40, hao ni watano au sita. Kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Nimeyaandika haya wazi kwa sababu kuyanong'ona hakujamsaidia mtoto yeyote niliyemfundisha.

Sasa naomba tuzungumze kuhusu neno "mvivu", neno ambalo mimi mwenyewe nimelitumia vibaya. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akichelewa kila siku, haandiki, anajibu kwa ukali. Nilimwadhibu muhula mzima. Baadaye hospitali ilieleza kwamba alikuwa na sonona, ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu furaha, hamu na nguvu. Adhabu zangu zote zilimwangukia kijana mgonjwa, na hilo bado linaniuma. Nilichokuwa sijui ni kwamba kwa vijana, sonona mara nyingi huvaa sura ya hasira. Tunasubiri machozi, naye anagombana na wadogo zake na kubamiza milango. Anaacha mchezo alioupenda, chakula hakipiti au anakula kupita kiasi, usingizi unakatika, maumivu ya kichwa na tumbo hayana sababu inayoonekana, na kila kosa dogo analigeuza ushahidi kwamba yeye si kitu. Siku moja mbaya humpata kila mtu. Hali kama hiyo ikidumu wiki mbili, karibu kila siku, mpelekeni kwa mtaalamu wa afya.

Si kila anayelala hadi mchana ni mgonjwa, vilevile. Katika umri huu saa ya mwili husogea mbele, usingizi unachelewa kuja, na kijana bado anahitaji jumla ya saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku. Likizo ni nafasi ya kumrudishia usingizi. Simu ilale nje ya chumba chake, na ya mzazi vivyo hivyo.

Mkiwa na hofu kwamba mtoto anafikiria kufa, muulizeni waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii, kwa wengi ni mara ya kwanza kupata pa kulitua. Akisema ndiyo, msimkemee, wala msianze kumhesabia mlivyojinyima kwa ajili yake. Kaeni naye, msimwache peke yake, ondoeni dawa, sumu na vitu vyenye ncha kali, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Wanaotaka kumwombea wamwombee, na wampeleke.

Kuna wazazi waliokasirika mnasihi alipokataa kuwasimulia yote aliyoambiwa na watoto wao. Nasimama upande wa mnasihi. Maisha ya mtoto yakiwa hatarini mtaambiwa mara moja, na hatujawahi kufanya vinginevyo. Mengine yaacheni humo, maana mtoto akijua maneno yake yatamtangulia nyumbani, hatasema tena, kwetu wala kwenu.

Kwa wazazi wa wanafunzi wanaomaliza na kwenda vyuoni, nawaomba zaidi. Mwaka wa kwanza huko hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, na kijana anaweza kukosa masomo mwezi mzima bila mtu kumuuliza. Kabla hajaondoka, mfanye naye uchunguzi: ofisi ya ushauri nasaha ya chuo iko wapi, na anayemwamini ambaye anaweza kumpigia usiku ni nani. Mkipiga simu, msianze na matokeo.

Mnasihi atakuwepo shuleni siku tatu za kwanza za likizo, asubuhi, kwa mzazi yeyote anayetaka kuzungumza naye. Tarehe ya kufungua iko chini ya ripoti. Ambaye mwanawe ameanzishiwa dawa za sonona au za wasiwasi ajue kwamba nyingi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na asizikatishe bila kumwona daktari. Siku ya kufungua aje nazo kwa mnasihi, tupange pamoja saa za kuzimeza na nani atakayezitunza. Mtapokelewa faragha, na hakuna atakayeandika jambo hilo kwenye ripoti.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule